Kwa Mchunguzi Mkuu wa Vifo, Popote Ulipo

Mheshimiwa,

KUH: KURIPOTI KWAKO KAZINI

Uniwie radhi kukuandikia kabla hujateuliwa. Sheria ya kuanzisha huduma yako Rais aliitia saini Juni 2017, nasi tukakungoja kwa hamu: mtu huru, asiyetumwa na polisi, atakayefika maiti ingali pale ilipoangukia na kuuliza ni nani huyu, na amekufaje. Mwalimu kijana alipofia mikononi mwa polisi wa kituo cha Central, Nairobi, Juni 2025, kiti chako kilikuwa hakijapata wa kukikalia.

Usidhani kazi ililala. Makaimu wako wameichapa. Kifo cha mwalimu huyo kilichunguzwa kwanza na ukuta: polisi walisema aliugongesha kichwa mwenyewe. Madaktari walipompasua wakaona majeraha ya kichwa na shingo iliyokabwa. Ukuta ukajiuzulu.

Kabla ya ukuta, walikaimu wanyama. Septemba 1988 mabaki ya Mwingereza Julie Ward yalipatikana Maasai Mara. Wakubwa wakasema ameliwa. Daktari alikuwa ameandika kwamba mfupa umekatwa. Ripoti ikasahihishwa, mfupa ukawa umeraruliwa. Na kwa kuwa mabaki yalikuwa yamechomwa, tulipaswa kuamini kwamba fisi wa Mara hutembea na kiberiti.

Februari 1990 ikafika zamu ya marehemu kujikaimia. Waziri wa Mambo ya Nje, Robert Ouko, alikutwa karibu na kwake Koru, ana risasi kichwani na mwili umeungua. Likatolewa wazo kwamba labda amejiua. Kipi kilitangulia, risasi au moto, hatukuelezwa.

Sisi wafiwa hatuna makuu, mheshimiwa. Tunataka cheti cha kifo, maana bila hicho mirathi haisogei na shamba hubaki kwa jina la aliye kaburini. Aliyefia hospitali hana shida: daktari hujaza fomu ya D1. Aliyefia nyumbani, naibu wa chifu hujaza D2, na sababu ya kifo huwa ile waliyomtajia majirani. Lakini wale waliokuwa wakiopolewa mto Yala, wengine wamefungwa kwenye magunia, ni wa polisi. Polisi ndio huwapeleka mochari, ndio humpa daktari fomu ya upasuaji, na ndio hubeba faili, likifika, hadi kwa hakimu.

Na mshukiwa akiwa polisi? Utaniambia IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, ipo. Ipo, na ina kazi nyingi. Ila hufika baada ya simu, na simu hupigwa na kituo. Kufikia hapo seli inaweza kuwa imepigwa deki na kamera imepatwa na maradhi yake ya kawaida.

Nasikia kikwazo ni bajeti. Nakubali, uchumi ni mgumu, na ukuta haudai mshahara wala gari lenye bendera. Lakini kama hela za ofisi hazipo, tutakupokea hata chini ya mwembe, mradi ufike kabla ya deki.

Ukishindwa kabisa, tutumie fomu tupu zenye saini yako. Wa kuzijaza wapo, na uzoefu wanao.

Wako mtiifu,
Mfiwa mtarajiwa