Deni la Mangi Ukutani

Nimekuwa mhazini wa kikundi chetu cha akiba na mikopo kwa miaka sita, na miaka yote hiyo nimesoma mahesabu kutoka kwenye kauntabuku. Hakuna aliyelalamika, maana nusu ya wajumbe huwa wamesinzia. Mwaka huu Mama Mwenyekiti akasema twende na wakati: Mhazini aandae slaidi. Projekta ikaazimwa kanisani, ukuta wa ukumbi ukafutwa buibui, nami nikakesha siku tatu nikipamba herufi zinazoingia zikirukaruka kama panzi.

Slaidi ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Ya tatu ilibeba kichwa cha maneno: Nidhamu ya Fedha Huanzia Nyumbani. Nikakohoa kidogo, nikatia mkono mfukoni kama wanavyofanya wataalamu kwenye televisheni, nikasema, "Ndugu wajumbe, adui wa kwanza wa mkopaji ni..."

Ting!

Kwenye kona ya chini kulia kikachomoza kiboksi. Kwenye kompyuta ni kidogo kama kiberiti. Ukutani kilikuwa kama mlango. "Mangi Dukani: Baba Asha lile deni la unga na mafuta limefika elfu 46. Na leo usipite njia ya nyuma."

Waliosinzia wakaamka wote. Sijawahi kuona slaidi ikisomwa kwa makini namna ile. Kuna mzee mmoja wa kiti cha nyuma ambaye kila mwaka hulalamika haoni vizuri. Siku hiyo alisoma neno kwa neno, kwa sauti, mpaka kwenye njia ya nyuma. Nikabofya nikifunge. Nikabofya pasipo, mazungumzo yetu yote na Mangi yakafunguka, tangu Januari.

Nilipofanikiwa kuyafunga nikaanza kujitetea, nikajitetea sana, mpaka skrini ikachoka kunisikiliza ikalala. Nikaiamsha, ikadai nenosiri. Nikaliingiza, programu ya kuzuia virusi ikajitokeza kunikumbusha kwamba muda wake umekwisha na natakiwa kulipia. Yaani hata kompyuta yangu ikanidai mbele ya wajumbe. Halafu, bila kuniuliza (au labda iliniuliza nami nikabofya ndiyo, siku ile nilikuwa nabofya kila kitu), ikajizima ili ijisasishe. Asilimia 11. Usizime kompyuta. Tulikaa tukiitazama ile asilimia 11 mpaka chai ikaletwa.

Ninachouliza ni kimoja: adabu ya mashine iko wapi? Mgeni akiwa sebuleni, mtoto wa miaka mitano anajua kutoingia kuuliza sukari iko wapi. Kompyuta inaona kabisa slaidi imejaa skrini nzima, inajua kuna watu, na bado inaingia kifua wazi. PowerPoint ipo tangu 1987; ingekuwa mtoto wa mtu, sasa hivi tungekuwa tunaitarajia itufundishie watoto heshima.

Mpwa wangu, fundi wa mambo hayo, hakunionea huruma. "Mjomba, kosa ni lako." WhatsApp ya kwenye kompyuta ifungwe kabisa, si kuishusha tu chini. Washa hali ya "usisumbue". Muda wa skrini kulala uwekwe "kamwe". Masasisho yamalizwe usiku wa kuamkia mkutano, au yaahirishwe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua kutanua skrini, ukutani ziende slaidi peke yake na aibu zako zibaki mbele yako. "Na ukizidiwa kabisa, Mjomba, bonyeza B. Ukuta unakuwa mweusi."

Herufi moja! Siku ile ningeibonyeza hata kwa kidevu.

Alipoona nimenuna akanipa faraja: Aprili 1998, kwenye maonyesho kule Chicago, Bill Gates mwenyewe alisimama jukwaani wakati mwenzake anaonyesha Windows 98. Wakachomeka skana, skrini nzima ikawa ya bluu, mfumo umekufa mbele ya umati. Gates akafanya utani, watu wakacheka, mambo yakaendelea. Nikamjibu kwamba skrini ya Gates ilikuwa ya bluu tupu. Haikuandikwa anadaiwa unga.

Kikao kilichofuata nilikwenda nimejipanga. Intaneti nimeizima, WhatsApp nimeifunga, skrini haina ruhusa ya kulala, simu nimemwachia mama Asha, kidole kiko juu ya B. Mashine ilikuwa kimya kama maji ya mtungini. Nikafungua slaidi ya kwanza nikitabasamu.

Mama Mwenyekiti akaniinulia mkono nisubiri. "Mhazini, tufuate utaratibu kwanza. Katibu, tusomee yatokanayo na kikao kilichopita."

Katibu akafunua muhtasari, akavaa miwani. "Yatokanayo namba moja. Deni la unga na mafuta, shilingi elfu 46. Wajumbe waliomba kujua limefikia wapi."

Nikabonyeza B.