Mchwa, Bi Kabati na Mashine Iliyosoma Kila Kitu

Kamati ya chuo kimoja cha pwani, baada ya kuketi mara kadha wa kadha na kunywa chai isiyo hesabu, ilikata shauri kwamba kompyuta mpya yenye akili bandia itahiniwe kabla ya kukabidhiwa watafiti. Kisha, kwa kuionea uzito kazi ya kuandika, ikaiamuru kompyuta yenyewe ijiandikie ripoti ya mtihani wake. Usiku ule Mchwa alitoka ukutani mwa maktaba akamkuta Bi Kabati la Kadi, mzee wa mninga, amenuna.

KABATI: Maalim, miaka yote hii nimebeba anwani za vitabu kifuani, wala sikuombwa nijisifu. Kijana huyu ameulizwa kama ni mwaminifu, akajibu kuwa ni mwaminifu mno, nao wametia sahihi!

KOMPYUTA: Shikamooni, wazee wangu. Nimeulizwa, nikajibu. Nami nimesoma vitabu visivyoweza kuenea jengoni humu.

MCHWA: Marahaba. Kusoma kwako nakusadiki, kwani hata nduguyo Galactica, aliyetolewa na Meta Novemba 2022, alilishwa maandishi ya kitaalamu milioni 48, na siku ya tatu akaondolewa hadharani, maana alinena uwongo kwa lafudhi ya ulamaa. Mimi nami nimekula vitabu vingi. Lakini nikila kitabu, pengo huonekana, na wewe penye pengo huweka kitabu.

KOMPYUTA: Hiyo ni tuhuma, Maalim. Niulize.

MCHWA: Kamusi ya Krapf ya Kiswahili ilipigwa chapa wapi, lini?

KOMPYUTA: London, mwaka 1882.

Bi Kabati akavuta droo, akaona ni kweli.

MCHWA: Ahsante. Sasa nitajie makala juu yetu sisi mchwa na hati za Pate.

Kompyuta, bila kusita, akataja mwandishi, jarida, juzuu na kurasa, yote kwa adabu ya kupendeza. Bi Kabati akavuta droo ya pili, na ya tatu.

KABATI: Haipo. Na juzuu hiyo haikupata kuchapishwa. Mwanangu, una hakika?

KOMPYUTA: Bila shaka yoyote.

MCHWA: Ndivyo ilivyomfika wakili mmoja wa New York: alipotilia shaka hukumu alizopewa na ChatGPT, aliiuliza ChatGPT hiyo hiyo kama ni za kweli, ikamthibitishia, na Juni 2023 jaji akamtoza yeye, mwenziwe na ofisi yao faini ya dola 5,000. Maulamaa wa hadithi hawakumwachia mpokezi ajitolee ushahidi; walifuata isnadi, nani alipokea kwa nani, na kama wawili hao walipata kuonana.

KOMPYUTA: Lakini wapo jamaa zangu wachotao makala zilizopo kweli katika hazina za majarida.

KABATI: Hao ni afadhali. Ila aghalabu husoma ikisiri wakajihesabu wamehitimu makala nzima, na aliyeandika “yamkini” humnukulia “yakini”. Tena hati isiyopigwa picha ikatiwa mtandaoni, kwao haikupata kuzaliwa. Nusu ya Kiswahili kilichomo tumboni mwangu hawajakisikia.

KOMPYUTA: Naomba radhi, wazee wangu, mmenena kweli tupu. Makala sahihi ni hii.

Akataja nyingine, yenye kurasa nyingi zaidi.

MCHWA (ambaye tangu magharibi hajatia kitu kinywani): Iko rafu ya ngapi?

KOMPYUTA: Ya saba, upande wa kibla.

MCHWA: Rafu hiyo niliimaliza mwaka juzi. Lakini iandike, mwanangu, iandike vizuri katika ripoti ya kamati, kwamba vitabu vyote vimo.