Vizuizi Tisa Kati ya Kodi Yako na Kamera Yako, Vikihesabiwa kutoka Majengo

Majengo, kaskazini mwa Goma katika komini ya Karisimbi, ina jirani asiyebisha hodi. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilifumuka, na lava ikaja kusimama ukingoni mwa mji, upande huu huu. Kwa hiyo usimlilie mtu wa Majengo kwamba kivinjari kinakuchosha kwa kuuliza kila mara: Autoriser au Bloquer? Angalau kinauliza.

Lakini kijana anayeandika kodi (code) ya ukurasa wa mtandao kwenye mashini yake, ukurasa wa kuongea na daktari kwa video tuseme, au wa kukusanya sauti za Kiswahili, atapita vizuizi vingi kabla hajauona uso wake mwenyewe kwenye kioo. Tunavihesabu kuanzia kile kidogo hadi kile kinacholaza watu saa nane za usiku.

9. Kibandiko

Kompyuta ya mtumba huja na mambo ya mwenyewe wa kwanza: herufi zilizofutika, jina la shirika fulani mgongoni, na kibandiko juu ya kamera. Kodi haina kosa, ruhusa umetoa, taa inawaka, picha ni nyeusi tii. Kivinjari hakilalamiki, maana kwake giza nalo ni picha. Usicheke aliyebandika. Mwezi Juni 2016 Mark Zuckerberg aliweka mtandaoni picha yake akiwa ofisini, na nyuma yake kompyuta ikaonekana imezibwa kamera na mahali pa maikrofoni kwa utepe. Mwenye Facebook mwenyewe hamwamini mtu.

8. Kamera hakuna

Hapa kivinjari kinasema kweli bila aibu: NotFoundError. Kompyuta ya mezani ya saibakafe haina kamera, na hakuna ruhusa inayoweza kuizaa. Mtego uko kwingine. Ukiomba kamera na maikrofoni kwa pamoja, na kimoja kikakosekana, unanyimwa vyote viwili. Maikrofoni ilikuwepo, nzima, inasubiri. Wewe umeipoteza kwa tamaa ya picha. Omba sauti peke yake pale ambapo sauti inatosha. Mradi wa Common Voice wa Mozilla, ambao Kiswahili chetu nacho kimo, umekusanya sauti za watu kupitia vivinjari bila kuomba kuona sura ya mtu.

Na kama huna kamera kabisa lakini kazi lazima iendelee, washa Chrome kwa --use-fake-device-for-media-stream. Utapewa kamera ya uongo: picha ya kijani, duara linalofungua na kufunga mdomo kama Pac-Man, na mlio wa bip usioisha. Ni sura mbaya, lakini haikopi wala haichelewi kazini.

7. Kamera ina mtu ndani

Kwenye Windows, kamera ni choo cha parseli: aliyetangulia amefunga komeo, wengine mnasubiri nje mkikohoa. Zoom uliyoisahau tangu asubuhi bado imo humo. Kosa lake ni NotReadableError, na dawa yake ni kwenda kugonga mlango wa Zoom. Kubonyeza F5 mara ishirini hakumtoi mtu chooni.

6. Mwenye nyumba

Kivinjari kimekubali, mfumo wa kompyuta umekataa. Tangu macOS Mojave ya mwaka 2018, Mac inataka kila programu iombe kamera yenyewe, na Chrome ni programu kama nyingine. Windows nayo ina swichi yake kwenye mipangilio ya faragha. Ukishairuhusu Chrome kwenye Mac, ifunge kabisa halafu uifungue upya. Kuifunga kabisa, nasema. Kupunguza dirisha si kuifunga.

5. Fremu

Umeweka mkutano wa Jitsi ndani ya ukurasa wako kwa iframe na kamera imegoma. Andika allow="camera; microphone" kwenye iframe hiyo. Basi, twende.

4. Kidole chenye haraka

Mtu anayejaribu kodi hufungua ukurasa upya kila dakika, na kila mara kisanduku cha ruhusa kinaruka juu. Kidole kinachoka. Kinabonyeza alama ya kufunga, bila kusema ndiyo wala hapana. Chrome inahesabu kimyakimya. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha inaamua kwamba hutaki kusumbuliwa, na kwa siku 7 haikuulizi tena. Inakataa kwa niaba yako. Unaanza kufuta kodi nzuri uliyoiandika jana, eti imeharibika.

Bonyeza alama iliyo kushoto kwa anwani pale juu, tafuta kamera na maikrofoni, rudisha ruhusa, fungua ukurasa upya. Ukibonyeza kitufe cha kukataa kwa hasira, hiyo haiishi baada ya wiki: inakaa hadi utakapoiondoa mwenyewe. Kivinjari hakijui kwamba ulikuwa na njaa.

Safari ina ugonjwa mwingine, wa kusahau: ulichomruhusu sasa hivi, ukifungua ukurasa upya anauliza kana kwamba hamjaonana. Firefox nayo hivyo hivyo, usipoweka alama kwenye kile kisanduku kidogo cha kukumbuka uamuzi. Inaudhi, ila mimi nampendelea anayeuliza mara mbili kuliko anayejijibia.

3. Ruhusa imepewa anwani, mradi hauna habari

Kivinjari hakijui kwamba unajenga ukurasa wa daktari. Kinajua anwani: itifaki, jina na namba ya poti, vyote vitatu kwa pamoja. http://localhost:3000 ni mtu mmoja, http://localhost:5173 ni mtu mwingine, na http://127.0.0.1:3000 ni wa tatu, hata kama wote watatu wanakaa ndani ya mashini moja juu ya meza moja. Uliyempa ruhusa jana siye anayeomba leo.

(5173 si namba ya bahati nasibu. Ni poti ya Vite tangu toleo lake la 3 la mwaka 2022, na ni jina lenyewe limeandikwa kwa tarakimu: V ya Kirumi ni 5, halafu 1, 7 na 3 zinajifanya I, T na E. Watu wa kompyuta wakikosa usingizi hucheza hivyo.)

Kinachokasirisha ni upande huo wa kuulizwa upya. Kinachotisha ni upande wa pili, na hauzungumzwi sana. Kama miradi yako yote hupita kwenye localhost:3000, basi ruhusa uliyoupa ukurasa wa daktari imerithiwa na kila kitakachokuja kukaa kwenye poti hiyo. Leo unashusha kodi ya mtu usiyemjua ili ujifunze, unaiwasha kwenye 3000 ileile, na kamera inamfungulia bila swali. Hakuiba kitu. Wewe ndiye uliyeacha funguo. Badilisha poti kwa kila mradi, au futa ruhusa ukimaliza. Inachukua muda mfupi kuliko kusoma aya hii.

2. Taa isiyozimika

Mazungumzo yamekwisha, umeondoa video kwenye ukurasa, na taa ya kamera bado inakutazama. Kuficha video si kuzima kamera. Lazima uite stop() kwa kila njia ya sauti na ya picha uliyofungua, moja moja. Wanafunzi wengi hawaandiki mstari huu kwa sababu bila huo kila kitu kinaonekana kufanya kazi.

Kwingine taa hiyo ni kasoro ya urembo. Hapa mambo ni tofauti. Katika mji uliopitia vita vya Januari 2025, mgeni akiingia chumbani akaona taa imewaka haoni kazi ya shule; anaona kamera inayomrekodi, na ana haki ya kuuliza inampeleka wapi. Mtumiaji wako naye hatasoma kodi yako. Atasoma taa.

Na msidhani kinachokaa ndani ya kompyuta ni kitakatifu. Julai 2019 mtafiti Jonathan Leitschuh alionyesha kwamba Zoom kwenye Mac ilikuwa imeacha seva ndogo humo ndani, kwenye localhost, na tovuti yoyote iliweza kukuingiza kwenye mkutano huku kamera imewashwa. Hata ukiiondoa Zoom, seva ilibaki, tayari kuirudisha. Apple ilibidi ipitishe sasisho la kimyakimya kuifagia. Kampuni kubwa, na kosa ni lilelile la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: kufungua mlango kwa urahisi wa leo na kutorudi kuufunga.

1. Simu

Sasa tumefika. Kizuizi hiki huanza na mazungumzo ya namna hii:

— Yaya, kamera inakatala ku telefone. Ku mashini inafanya bien.

— Uliandika nini pale juu?

— Minaandika localhost, njo ulinifundisha.

— Sasa localhost ya telefone ni nani?

— ...Ni telefone yenyewe.

— Njo ivyo.

Mdogo anarudi na akili mpya. Kompyuta inapokea intaneti kutoka kwa simu ileile, kwa hiyo ziko kwenye mtandao mmoja. Anatafuta anwani ya kompyuta, 192.168 na mkia wake, anaiandika kwenye simu. Ukurasa unafunguka! Rangi zote zipo, vitufe vyote vipo. Anabonyeza kamera. Hakuna swali, hakuna kisanduku, hakuna Autoriser wala Bloquer. Kwenye orodha ya makosa anakuta kwamba navigator.mediaDevices ni undefined. Yaani kivinjari hakijamnyima kamera. Kimejifanya hakijawahi kusikia habari za kamera.

Kodi yake haina kosa. Tangu Chrome 47 ya mwishoni mwa 2015, ukurasa usiokuja kwa https haupewi kamera wala maikrofoni, na Firefox 68 ya Julai 2019 ikafuata; baadaye vivinjari vikaenda mbali zaidi, vikakificha hata kile chombo cha kuombea. Waliosamehewa ni localhost na 127.0.0.1, kwa sababu data yao haitoki nje ya mashini. 192.168 inasafiri hewani, hata kama safari yenyewe ni ya kutoka mezani hadi mkononi. Yeyote aliye kwenye Wi-Fi hiyo anaweza kuubadilisha ukurasa njiani, na ruhusa uliyoutolea ukurasa wako ikatumiwa na ukurasa wake. Sheria ni kali, lakini mimi niko upande wa sheria. Wi-Fi ya shule wanaitumia watu wengi, na si wote wamekuja kusoma.

Dawa ni nne, na nazipanga kwa bei.

Ya ghali kuliko zote ni ile wanayoitaja kwanza kwenye kila somo: ngrok, cloudflared na ndugu zao, wanaokupa anwani ya https inayoingia hadi kwenye kompyuta yako. Inafanya kazi vizuri. Lakini ukurasa unatoka Majengo, unakwenda hadi kwenye seva ya watu huko mbali, unarudi Majengo, kuifikia simu iliyo nusu mita kutoka hapo, na mega zinakatwa kwenda na kurudi. Aliyeandika somo hilo hanunui mega za siku moja. Juu ya hayo, kazi yako ambayo haijaiva inaonekana na kila atakayeipata anwani hiyo.

Ya pili ni mkcert ya Filippo Valsorda, inayokutengenezea cheti cha https cha nyumbani. Haili mega ukishaishusha. Kazi iko kwenye simu: nayo lazima iingiziwe cheti mama, na hapo ndipo watu wengi hukata tamaa. Wasiokata tamaa wakumbuke jambo moja: faili la rootCA-key.pem halitumwi WhatsApp kwa rafiki anayetaka kujaribu. Mwenye faili hilo anaweza kujifanya tovuti yoyote mbele ya vifaa vyako.

Ya tatu ni chrome://flags, kwenye mpangilio wa #unsafely-treat-insecure-origin-as-secure, ambapo unaandika anwani yako na kuiambia Chrome ya simu ivumilie. Ni bure. Ila ukizima na kuwasha mtandao wa simu, anwani inaweza kubadilika, na unaanza upya. Ukimaliza ifute, maana kesho anwani hiyohiyo inaweza kuwa ya mtu mwingine kwenye Wi-Fi nyingine.

Ya nne ni kebo. Kwenye simu ya Android ingia kwenye mipangilio, tafuta namba ya toleo la mfumo (build number), ibonyeze mara 7 hadi ikuambie umekuwa msanidi, ruhusu USB debugging, chomeka, kisha kwenye kompyuta andika:

adb reverse tcp:5173 tcp:5173

Sasa yule mdogo wa mwanzo anaweza kuandika localhost:5173 kwenye telefone yake bila kuchekwa, kwa sababu ombi linapita ndani ya kebo hadi kwenye kompyuta, na Chrome inaona localhost halali. Kisanduku kinatokea, kinauliza, unajibu. Mega sifuri. Mtandao ukizimwa Goma nzima, kamera yako inafunguka tu. Wenye iPhone warudi kwenye dawa ya pili, poleni sana.

Sharti ni kebo yenyewe. Zile za bei ya chini kabisa nyingi hupitisha umeme tu; hazina nyaya za data ndani, na adb haitaiona simu hata ukiomba usiku kucha. Ukienda kununua kwenye maduka ya Birere, chukua simu na kompyuta, ichomeke palepale mbele ya muuzaji, na usitoe faranga hadi simu ikuulize kama unataka kuhamisha mafaili.