Barua ya wazi kwa watunza daftari watatu wa Marekani

Kwenu Waheshimiwa,
Wakuu wa ofisi tatu za kumbukumbu za mikopo,
Marekani.

YAH: OMBI LA KUTAMBULIWA KUWA MTU WA KUAMINIKA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mbeba boksi, mkazi wa Houston, mzaliwa wa Tandika, Dar es Salaam. Sijielezi zaidi ya hapo kwa sababu mengine yote mnayo: anwani zangu zote tangu nifike, waajiri wangu, na ile namba ya tarakimu tisa ninayoificha hata kwa shemeji zangu. Mwaka 2017 mmoja wenu aliibiwa taarifa za watu wapatao milioni 147, kwa hiyo huenda wapo na wengine nisiowajua wanaonijua vizuri. Nao nawasalimu.

Nilifika huku 2013 na kiburi cha mtu asiyedaiwa. Ndivyo nilivyolelewa. Mangi wa dukani kwetu alikuwa na daftari, kaunta buku limefungwa mpira wa baiskeli, na siku akikusoma jina kwa sauti mbele ya wateja, mpaka jioni mtaa mzima umeshajua nyumba yenu inadaiwa mafuta ya taa. Mama akinituma chumvi alinihesabia sarafu kiganjani, nisije nikapata wazo. Basi nilipokwenda kuomba chumba cha kupanga, dada wa mapokezi akatazama kompyuta, akanitazama mimi, akarudi kwenye kompyuta. Hamkuwa na baya lolote juu yangu. Hamkuwa na chochote. Nikatabasamu, nikijua nimefaulu. Akaniambia nilipe amana mara mbili.

Ndipo nikaelewa kwamba kwenu asiyedaiwa si mtu safi, ni mtu ambaye hajazaliwa. Ile alama maarufu inayotokana na mafaili yenu, FICO, inayotumika tangu 1989 na inayokwenda kuanzia 300 hadi 850, haihesabiki mpaka uwe na akaunti ya mkopo iliyotimiza angalau miezi sita. Nikaenda benki kuzaliwa. Wakanipa kadi ya dhamana: niwakabidhi dola 300 zangu, wanikopeshe kiasi cha dola 300, na nikichelewa kurudisha wanitoze riba, huku zile za kwangu wamezikalia. Nilimuuliza yule kijana mara mbili kama nimeelewa sawasawa. Akasema nimeelewa vizuri kabisa, na akanipa kalamu yenye nembo ya benki.

Miezi sita baadaye nikazaliwa, nikiwa na umri wa miaka 31 na ndevu.

Sasa naomba mnivumilie kuhusu tarehe, maana hapa ndipo mliponiumiza. Kadi yangu ina tarehe mbili. Ya kwanza ni siku ya mwisho ya kulipa, tarehe 12, ambayo benki hunikumbusha kwa upendo mkubwa. Ya pili ni siku ya kufunga hesabu za mwezi, tarehe 17, ambayo hakuna anayekuambia kitu. Mwaka wa tatu nikafiwa na baba mdogo. Tarehe 9 nikakata tiketi ya Dar kwa kadi, dola 1,140, na kikomo changu wakati huo kilikuwa dola 1,500. Nikazika, nikarudi, tarehe 3 nikalipa deni lote, siku tisa kabla ya mwisho. Sikutozwa hata senti moja ya riba. Nikafungua simu kujipongeza, nikakuta alama zimeshuka 48.

Kumbe tarehe 17, mimi nikiwa nimekaa kwenye mkeka wa matanga, benki ilifunga hesabu, ikawatumia ninyi picha yangu: huyu hapa, ametumia asilimia 76 ya kikomo chake. Mlinipiga picha nikiwa na tonge mdomoni, mkatangaza kwamba mimi ni mlafi. Kulipa kwa wakati kuna uzito wa asilimia 35 katika hiyo FICO, na kiasi unachodaiwa asilimia 30. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa mwaminifu na bado mkamkuta na hatia ya kutumia kitu alichopewa akitumie.

Aliyenifumbua macho ni kinyozi wetu, Mkongo wa Bukavu, aliyekuwa amenunua nyumba mwaka uliotangulia. Alinipa darasa zima wembe ukiwa shingoni mwangu, hivyo sikubisha. Lipa kabla hesabu hazijafungwa, si kabla ya siku ya mwisho. Bakiza kidogo tu kionekane, chini ya asilimia 10 ya kikomo kama unajiandaa kwa nyumba. Usiombe kadi mpya. Gari usiliangalie hata kwa jicho la pembeni. Na ile kadi ya kwanza usiifunge. Hapo nikamwambia nimeshaifunga nilipopata ya pili, nilidhani ni ustaarabu kurudisha cha watu. Akasitisha wembe. Akanieleza kwamba kikomo cha ile kadi kimeondoka nayo, sasa deni lile lile la kadi iliyobaki linaonekana limenenepa. "Weye kaka," akasema, "uliuza mbuzi ili maziwa yaongezeke."

Tangu siku hiyo kila tarehe 15 usiku, nikitoka zamu, nalipa deni ambalo benki bado haijaniletea. Mke wangu anasema ni kama kumwomba msamaha mtu kabla hujamkanyaga.

Kodi ya nyumba sitaki kuirefusha. Miaka minane nililipa kila tarehe mosi, na kwenye faili lenu haimo, kwa sababu kwa kawaida wenye nyumba hawawaletei. Umeme vivyo hivyo. Lakini ningeacha bili hiyo hiyo ikafika kwa wakusanya madeni, habari mngeipata, na mngeitunza miaka saba. Kwa masikio ya namna hiyo mngefaa sana kuwa majirani zetu Tandika.

Basi nikaomba mkopo wa nyumba. Nilijua ule wenye dhamana ya serikali, wa FHA, unaruhusu alama 580 kwa malipo ya awali ya asilimia 3.5, lakini kila ngazi ya alama ina bei yake ya riba, nami nilitaka ngazi ya juu. Simu yangu ilisema 741. Afisa mikopo akafungua mafaili yenu matatu, zikatoka namba tatu, akachukua ya katikati: 709. Nikamwonyesha simu. Akacheka kwa huruma. Ile ya kwenye simu, akasema, ni VantageScore, mizani ambayo ninyi watatu mliianzisha wenyewe mwaka 2006; yeye alitumia matoleo ya zamani ya FICO ambayo wakopeshaji wa nyumba walikuwa wameyashikilia miaka na miaka. Kwa hiyo mnayo mizani ya kumfurahisha mteja na mnayo mizani ya kumpimia. Wauza nyanya wetu hupigwa faini kwa jambo hilo.

Hata hivyo 709 ilitosha kuendelea. Kilichokwamisha ni upatu.

Waheshimiwa, sisi tuko 12. Kila mwezi kila mmoja anatoa dola 400, na kila mwezi mmoja wetu anapokea 4,800. Hakuna mkataba. Kuna kijumbe, mama wa Kitanga anayefanya kazi jikoni kwenye shule ya msingi, na kuna kundi la WhatsApp ambalo ikifika tarehe mbili hujaweka anaandika neno moja tu, "Jamani." Miaka sita sijawahi kuandikiwa "Jamani". Mwenzetu mmoja alipoachishwa kazi alichelewa mwezi mmoja, tukamtolea sehemu yake, naye akatulipa wote bila kukumbushwa. Kama kuna historia ya mkopo chini ya jua hili, ni hiyo.

Mkaguzi wa mkopo akaiona ile 4,800 kwenye taarifa yangu ya benki, akataka barua ya maelezo. Nikaeleza. Akauliza: ni zawadi? Kama ni zawadi, watu wote 11 watie saini kwamba hawatarudishiwa. Nikasema watarudishiwa, kila mwezi narudisha. Basi ni mkopo, akasema, tutauongeza kwenye madeni yako. Nikasema si mkopo, nimeshawapa wenzangu wengi kabla ya zamu yangu. Basi ni kipato, umekilipia kodi? Nikasema ni pesa yangu iliyokwisha kukatwa kodi, imezunguka kwa watu 11 na kunirudia. Kimya kikapita kwenye simu. Nilisikia anaandika. Mwishoni akanipa suluhisho ambalo nimelisimulia msikitini, kazini na kwa kinyozi, na hakuna aliyeniamini: pesa hiyo ilale kwenye akaunti. Wao huangalia taarifa za miezi miwili tu. Ikishalala zaidi ya hapo, hawaiulizi tena.

Ikalala. Nasi tukasubiri, tukikalia mkeka sebuleni, maana kinyozi alikuwa ameapa kwamba kabla ya kusaini wangechungulia faili tena, na kochi la kukopa lingeweza kutukosesha nyumba. Siku ya kusaini ilipofika hata mto mpya sikuwa nimenunua. Nyumba tukaipata.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Sitaki mbadilishe hesabu zenu. Nimeshazizoea kama mtu anavyozoea mkwe mkali. Naomba tu mfungue faili moja dogo kwa ajili ya mama wa Kitanga. Hana kadi, hajawahi kukopa popote, na kwenu hajazaliwa. Miaka sita pesa za watu 12 zimepita mikononi mwake, karibu dola 345,000, na hazijawahi kupungua hata moja.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkopaji, Houston.

Nakala kwa:
Kinyozi, kwa taarifa.
Kijumbe, kwa taarifa. (Ya mwezi huu nimeshatuma, dada.)
Mangi, Tandika, kwa taarifa, na kuhusu ile nusu kilo ya sukari ya 2013 ambayo nadhani bado imo kwenye daftari.