Ndege Imeondoka Jana

Desemba 2006 kijana mmoja wa Kijerumani, umri wake miaka 21, alifunga safari ya kwenda Australia kumwona mpenzi wake. Tiketi alijikatia mwenyewe kwenye intaneti. Kwa kuwa Desemba ni kiangazi huko, alivaa nguo nyepesi, akapanda ndege. Ndege ikamshusha Portland, Marekani. Nyingine ikamfikisha Billings, jimbo la Montana, ambako baridi ya mwezi huo haina mjadala. Alishangaa, lakini akajipa moyo kwamba pengine watu huenda Australia kwa kupitia huko. Alipoiona ndege ndogo ya kummalizia safari ndipo akili ilipomrudia. Ile isingevuka bahari yoyote. Ilikuwa inakwenda Sidney, mji mdogo wa mafuta hukohuko Montana. Herufi moja tu ilimkwamisha kiwanjani siku kadhaa, mpaka wazazi na marafiki walipomsaidia kupata tiketi nyingine ya euro 600 hivi.

Huyo walau alikosea tahajia. Mwaka 2002 vijana wawili wa Uingereza waliandika Sydney kwa usahihi wa kupewa alama zote, wakatua Sydney ya Nova Scotia, Canada, mji wa pwani ya Atlantiki uliowahi kuishi kwa makaa ya mawe na chuma. Mwaka 2017 ikawa zamu ya mwanafunzi wa Kiholanzi wa miaka 18. Aliona tiketi ya Sydney yenye bei ya chini kuliko zote, akaichangamkia kabla wengine hawajaiona. Toronto akabadilisha ndege, na hiyo ya pili akaiona ndogo mno kwa safari ya kuvuka Pasifiki. Ilipopaa, ramani ya kwenye skrini ikamweleza yaliyobaki. Alifika na koti jepesi mahali penye theluji, akageuza, akarudi kwao.

Ukitazama vizuri, hakuna hata mmoja wao aliyedanganywa. Kompyuta iliuliza, "Unakwenda wapi?" Wakajibu. Ikawauzia walichoomba, ikashukuru.

Zamani swali hilo liliulizwa na mtu. Alikuwa dada wa nyuma ya kaunta katika ofisi ya wakala, mwenye kalamu sikioni na kikombe cha chai kilichopoa. "Sydney ipi, kaka? Mbona hii unapitia Toronto?" Kwa kuuliza hivyo alilipwa kamisheni, na wateja wengi wakaona anawachelewesha. Tarehe 1 Juni 2008 chama cha mashirika ya ndege duniani, IATA, kilifunga ukurasa wa tiketi za karatasi kwa mawakala wake, na kwa muda huohuo watu wakawa wanazidi kujikatia wenyewe nyumbani. Nafuu ilipatikana kweli. Ila dada wa kaunta aliondoka na maswali yake, na kazi yake ikaangukia kwa mpwa mwenye simu nzuri, ambaye kila ukoo siku hizi unaye, na ambaye hukata tiketi ya shangazi huku anatazama mpira.

Mpwa huyo hana haja ya kwenda hadi Montana ndipo apotee. Kiwanja cha Kilimanjaro, JRO, kiko kati ya Moshi na Arusha, kilomita 50 hivi kutoka Arusha mjini. Kiwanja cha Arusha chenyewe, ARK, kiko Kisongo, na ndicho kinachotumiwa na ndege ndogo za Serengeti na Zanzibar. Mtu anayetua kimoja na kuunganisha kwenye kingine kwa pengo la saa moja anajidanganya. Nairobi kuna Jomo Kenyatta na kuna Wilson, na kati yao kuna magari ya Nairobi. Mgeni wa Diani anayeona Mombasa kwenye orodha huibofya bila kufikiri, kumbe Ukunda pana kiwanja upande uleule wa hoteli. Matokeo yake anaanza likizo kwenye foleni ya feri ya Likoni, au anazunguka kwa Dongo Kundu huku anahesabu nauli ya teksi. Ulaya nako wanajua kuuza majina: kiwanja cha Hahn kilitangazwa miaka mingi kama Frankfurt, na kipo mwendo wa kilomita 120 hivi kutoka Frankfurt.

Haya yote, hata hivyo, ni makosa ya dunia nzima. Kosa ambalo ni la kwetu hasa, watu tunaohesabu saa kuanzia alfajiri, ni lile la usiku wa manane.

Ndege nyingi za masafa marefu huondoka Dar es Salaam, Nairobi na Entebbe usiku mkubwa. Tiketi inasema: 15 Agosti, 00:45. Abiria anaisoma na kupiga hesabu yake: saa saba kasorobo usiku. Hapo amepata. Tarehe, kumi na tano. Hapo pia amepata. Kisha anaviunganisha viwili hivyo na kupata jibu la kukosa: usiku wa tarehe 15, maana yake baada ya chakula cha jioni cha tarehe 15. Basi mchana wa tarehe hiyo ndugu wanakuja kuaga. Pilau linapikwa. Mama mkubwa anashindilia dagaa na unga wa muhogo kwenye begi mpaka zipu inalia. Dua inasomwa, na saa tatu usiku msafara wa magari mawili unaingia kiwanjani. Mlangoni askari anaitazama tiketi, anaitazama simu yake, anamwita mwenzake.

"Mzee, ndege yako imeondoka jana."

Kwa haki ya kalenda haikuondoka jana. Imeondoka leoleo, saa ishirini na kitu zilizopita, abiria akiwa amelala fofofo kwake akiota Dubai. Lakini si wakati wa kubishana na askari.

Linalochekesha zaidi ni kwamba bibi yake asingeikosa ndege hiyo. Katika hesabu ya kale ya pwani, ile inayokwenda na mwezi mwandamo, usiku hutangulia mchana wake; siku mpya huanza jua linapozama. Ndiyo maana tarawehe husaliwa kabla mtu hajafunga hata siku moja, na kwa wazee usiku wa Ijumaa ni Alhamisi baada ya magharibi. Mwambie bibi kwamba ndege ni usiku wa kuamkia tarehe 15: tarehe 14 baada ya isha utamkuta sebuleni na baibui lake, begi miguuni, anawalaumu wengine kwa kuchelewa. Aliyeachwa ni mjukuu aliyekaa katikati. Siku yake inaanza kunapokucha na inaisha anapolala, iwe saa nne au saa tisa usiku, na kompyuta haijawahi kusikia kalenda ya namna hiyo.

Jamaa wa mjukuu huyo ni yule anayeona 02:00 na kusoma saa mbili. Yupo pia anayejaza tarehe katika tovuti ya Kimarekani, ambako mwezi huandikwa kwanza. Kwa kuandika 05/06 anadhani amekata tiketi ya tarehe 5 Juni, kumbe ni ya tarehe 6 Mei. Anayekata ya tarehe 25 ana bahati: mfumo unakataa, maana hakuna mwezi wa ishirini na tano.

Tukija kwenye majina, fomu ya tiketi ina visanduku viwili: jina la ukoo na jina la kwanza. Mtanzania ana majina matatu, lake, la baba na la babu, na haoni ni lipi kati ya hayo linastahili kuachwa nje. Mkongomani ana jina, jina la nyongeza na jina la ubatizo, kila moja na heshima yake katika pasipoti. Halafu kuna Mohamed, Mohammed na Muhammad, ambao msikitini ni mtu mmoja lakini mbele ya kaunta ni abiria watatu, na aliyelipa ni mmoja kati yao. Simu nayo hujaza visanduku kwa hiari yake, na kwa kuwa simu ni ya mpwa, shangazi anakatiwa tiketi yenye jina la mwanamume wa miaka 24. Kwa upande mwingine, abiria akiona ameandikwa FATUMAMRS asizimie. Mfumo wa tiketi hugandisha cheo nyuma ya jina, na wafanyakazi wa kiwanjani wameshazoea.

Kwa herufi mbili tatu zilizopinda mashirika mengi hurekebisha. Kubadilisha jina zima ndiko kunakotoa watu jasho, kwa sababu tiketi si mali ya kurithishana. Mwaka 2014 Mkanada mmoja aliachana na mpenzi wake wakiwa tayari na tiketi za kuzunguka dunia. Jina halikubadilika, basi akatangaza mtandaoni kwamba anatafuta mwanamke mwingine mwenye jina lilelile na pasipoti ya Canada. Akapatikana, wakasafiri.

Bora zaidi ni kisa cha mwanafunzi wa Uingereza mwaka 2015. Baba wa kambo wa mpenzi wake aliwakatia tiketi za Ryanair kwenda Ibiza, na jina la kijana akalitoa Facebook. Huko kijana alikuwa amejipachika, kwa utani, ukoo wa mwigizaji aliyecheza Batman kwenye televisheni miaka ya 1960. Shirika likataka pauni 220 ili kurekebisha. Kijana akapiga hesabu, akaona ni nafuu kubadilika mwenyewe kuliko kubadilisha tiketi. Akabadilisha jina lake kisheria, bure, akalipa pauni 103 kwa pasipoti mpya ya haraka, akapanda ndege akiwa mtu mwingine kwa mujibu wa sheria. Hesabu za namna hiyo hazifundishwi shuleni, na huenda ndiyo maana zinaeleweka.

Ryanair hao hao walichukua pauni 110 mwaka 2023 kutoka kwa wazee wawili, mume na mke, waliokuwa wakienda Ufaransa. Kosa lao? Walipakua kwenye mtandao pasi za kurudia wakidhani ni za kwendea. Kuchapishiwa sahihi pale kiwanjani wakati huo kulikuwa pauni 55 kwa kila kichwa.

Kwa msafiri wa Afrika Mashariki linalouma kuliko karatasi ni tiketi mbili zisizojuana. Tovuti inampangia safari ya bei ya kushangaza: shirika hili mpaka mji fulani wa Ulaya, shirika jingine kutoka hapo. Kwa mwenye pasipoti ya nchi zile hakuna tabu. Mwenye ya kwetu anagundua kwenye kaunta ya Dar kwamba, ili alichukue begi lake na kulikabidhi upya, lazima atoke nje, na ili atoke nje lazima awe na viza ya nchi ambayo hakuwa na nia ya kuitembelea. Hana. Hapandi. Na ndege ya kwanza ikichelewa, ile ya pili haimdai wala haimsubiri, kwa kuwa haina habari kwamba alikuwa anatoka kokote.

Yupo na mwenye tiketi moja halali ya Mwanza, Dar, Dubai na kurudi. Siku tatu kabla kunatokea msiba Morogoro. Anapanda basi, anazika, anaendelea hadi Dar, anajitokeza kiwanjani akiwa na dhamiri safi kuliko abiria wote. Kwa kuwa hakupanda kipande cha Mwanza, mfumo umekwisha kumhesabu kuwa mtoro na kufuta vyote vilivyofuata, pamoja na kurudi. Mwelezee karani kwamba kiti cha Mwanza ulikiacha wazi kwa hisani. Atakusikiliza kwa upole sana.

Bando likikata katikati ya malipo na kiduara kikaanza kuzunguka, wengi hubonyeza tena, na hapo huzaliwa abiria pacha: jina moja, kiti tofauti, pesa mara mbili. Ya pili hurudishwa, kwa mwendo ambao hakuna ndege inayoutumia.

Mashirika nayo hukosea, na ni raha kuyaona. Siku ya mwaka mpya wa 2019 tovuti ya Cathay Pacific iliuza viti vya madaraja ya juu kutoka Vietnam hadi New York kwa dola 675 hivi, kwenda na kurudi, vitu ambavyo kwa kawaida huuzwa dola 16,000. Shirika likaamua kuheshimu tiketi zile na kuwatakia wanunuzi heri ya mwaka mpya. United hawakuwa na moyo huo. Februari 2015 hitilafu ya ubadilishaji wa fedha kwenye ukurasa wao wa Denmark ilishusha daraja la kwanza kutoka London hadi Newark kuwa kama dola 75. Maelfu walinunua, wengi wao wakiwa Wadenmaki kwa muda wa dakika tano tu. Tiketi zikafutwa, na Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ikasema haitailazimisha kampuni.

Wizara hiyohiyo ina kanuni moja ya kumfaa abiria: anayekata kwa shirika lenyewe safari inayogusa Marekani, siku saba au zaidi kabla ya kuondoka, lazima ama ashikiliwe bei ile kwa saa 24 bila kulipa, ama aruhusiwe kufuta ndani ya muda huo bila faini. Anayekata kwa wakala wa mtandaoni asiitegemee. Na hizo saa 24 zinahesabiwa tangu dakika aliyokata tiketi. Aliyemaliza kulipa saa nne usiku asidhani zitaanza kukimbia kutakapokucha.