Wakili wa Ukoo na Zulia la Glasgow

Katika ukoo wetu uwakili hausomewi, mtu anateuliwa. Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, lakini zamani niliwahi kushinda kesi ya mpaka wa kiwanja kwenye baraza la kata. Nilishinda kwa sababu jirani hakutokea; alikuwa msibani Handeni. Hilo halisemwi. Kinachosemwa ni kwamba mzee yule anajua sheria. Basi mpwa wangu anayesoma Glasgow aliponyimwa pauni 900 alizoweka dhamana ya chumba, kundi lote la WhatsApp la familia likanigeukia.

Mwenye nyumba alidai zulia limeingia harufu ya pilau. Pesa pengine tungesamehe, maana sisi huku tunalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo na bado tunashukuru kupata nyumba. Pilau kuitwa uharibifu, hapana. Dada yangu aliandika kwa herufi kubwa tupu: KAKA TAFUTA SHERIA YAO.

Kabla sijafungua kompyuta, kundi lilikwisha jaa vifungu. Shemeji alileta video ya wakili mwenye suti ya buluu akieleza kwamba mwenye nyumba ana siku 21 tu za kurudisha dhamana. Ni kweli kabisa, huko California. Shangazi yake mpwa wangu, aliyeko Muscat, aliuliza mkataba umesajiliwa manispaa ipi, kwa kuwa Oman mkataba wa pango husajiliwa manispaa, naye haamini kwamba kuna nchi inayoendeshwa vinginevyo. Kijana wa mdogo wangu, ambaye hata dawa ya mbu hanunui bila kuuliza akili mnemba, akaleta hukumu nzima: jina la mlalamikaji, mwaka, mpaka ukurasa. Nikaisaka kwenye BAILII, hazina ya bure ya hukumu za Uingereza na Ireland. Haikuwemo. Nikamwambia.

"Baba Mkubwa," akajibu, "labda wameifuta."

Nikaingia mwenyewe kutafuta. Ukiandika swali la sheria kwenye mtandao, wa kwanza kukupokea ni mawakili wanaotafuta wateja. Ukurasa unafunguka, kidirisha kinaruka pembeni na mtu anayetabasamu anakuuliza akusaidie nini. Nilimweleza habari ya zulia tangu mwanzo, kwa heshima, pamoja na salamu. Akaniomba msimbo wa posta. Nikampa S.L.P. yangu. Akasema haitambuliki. Nikampa tena, safari hii na jina la wilaya. Tulibishana hivyo mpaka bando likakata, na niliponunua jingine Luku nayo ikaisha, nikalala nikiwa na hasira na mtu ambaye, nilivyoambiwa asubuhi, si mtu.

Walioninusuru ni wakutubi, watu ambao hawasifiwi vya kutosha. Maktaba ya Sheria ya Bunge la Marekani, kubwa kuliko zote za sheria duniani, imetengeneza mwongozo wa nchi moja moja: katiba yao iko wapi, bunge lao huchapisha wapi, mahakama zao huweka wapi hukumu. Chuo Kikuu cha New York nacho kina GlobaLex, ambako wanasheria na wakutubi huandika namna ya kuitafiti sheria ya nchi fulani, pamoja na kueleza nani ana mamlaka ya kutunga nini. Haya yote ni bure. Anayeanzia huko hufika. Anayeanzia kwenye video hufika California.

Mwongozo ukanipeleka legislation.gov.uk, tovuti ya serikali inayotunzwa na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza. Huko sheria zimepangwa kama kanga kwenye duka la Mhindi. Pembeni mwa vifungu vingi kuna vijiherufi: E, W, S, N.I. Kundi zima lilikuwa limeshakubaliana kwamba sheria yetu ni ya mwaka 2019, inayomkataza mwenye nyumba kudai dhamana inayozidi kodi ya wiki tano kwa nyumba za kawaida. Shemeji alikwisha andaa barua kali. Mimi nikatazama vijiherufi, na kwa mara ya kwanza tangu nistaafu, jiografia ikanilipa. Sheria ile ni ya England. Glasgow iko Uskoti.

Nikalieleza kundi kwamba England na Uskoti ziliungana mwaka 1707, lakini Uskoti ikabaki na sheria zake na mahakama zake. Shemeji akaniita mchochezi. Nikamkumbusha kwamba sisi wenyewe tuliungana mwaka 1964, na mpaka leo Sheria ya Ardhi ya 1999 ni ya Tanzania Bara tu. Nenda nayo Unguja uone. Kundi likanyamaza. Shangazi wa Muscat akatuma kidole gumba.

Sheria yetu hasa ilikuwa kanuni za Uskoti za mwaka 2011, nambari 176. Zinasema hivi: mwenye nyumba akipokea dhamana, ndani ya siku 30 za kazi tangu upangaji uanze aipeleke kwenye mfuko ulioidhinishwa, na amjulishe mpangaji. Haruhusiwi kuikalia. Asipoipeleka, mpangaji anaweza kwenda kwenye baraza maalumu la nyumba na mali, bila kulipa ada, na baraza linaweza kumwamuru mwenye nyumba alipe hadi mara tatu ya dhamana ile. Niliyasoma maneno "mara tatu" kwa sauti. Mke wangu akatoka jikoni.

Hapo ndipo kazi ilipoharibika. Baraza lile, ambalo limekuwa likisikiliza mashauri ya wapangaji wa nyumba binafsi tangu Desemba 2017, huchapisha maamuzi yake mtandaoni, na mke wangu akaamuru nimsomee. Majiko yasiyosafishwa, ukungu ukutani, wapangaji walioondoka na funguo. Akawa anatoa hukumu yake kabla ya baraza, kisha ananiambia nishuke mwisho nione kama wamemfuata. Mara nyingi walimfuata. Walipotofautiana, alisema wao hawajawahi kupangisha. Tamthilia yake ya saa mbili usiku akaiacha kabisa, na mimi chakula cha saa mbili nikawa nakila saa nne.

Mpwa wangu alipouliza kwenye mifuko yote mitatu iliyoidhinishwa huko, jina lake halikuwemo. Nikamwambia aandike barua fupi: kanuni ya tatu, kanuni ya kumi, nukta. Dada alitaka pia aya kuhusu pilau. Nilikataa, ingawa nadhani binti yake aliipenyeza.

Pauni 900 zilirudi zote, bila neno moja juu ya zulia. Ukoo ulitaka twende barazani tukadai mara tatu. "Mjomba, nina mitihani," akasema mpwa wangu, na yeye ndiye mwenye kesi. Shemeji anaeleza misibani kwamba mwenye nyumba alitishwa na ile video. Kijana wa akili mnemba ametangaza anaanza kazi ya ushauri. Mimi nimeshapewa faili jipya: talaka, Ontario. Sijafungua kitu mpaka nijue kwanza kama talaka huko inaamuliwa na jimbo au na taifa.

Nawe mwenye ndugu aliyepanga Uskoti, mpigie leo umuulize amehama lini na kama dhamana yake iliwahi kupelekwa kwenye mfuko. Shauri la kanuni zile linapokelewa ndani ya miezi mitatu tu tangu upangaji uishe.