Uzi wa Ishirini na Sita

Mja akishastaafu hufikwa na mitihani miwili, wasaa mwingi na macho hafifu, na ole wake ikiwa juu ya hiyo miwili atajinunulia wa tatu kwa fedha yake mwenyewe, kama nilivyofanya mimi, ambaye baada ya kushika kalamu ya ukarani umri wangu wote hapa Tanga nilikwenda mnadani kutafuta kabati, nikarejea na kerezo dogo la chuma, la Kiingereza, limebebwa na mahamali wanne. Nililiweka katika kibanda cha uani kilichokuwa cha kuku, na kuku nikawahamishia jikoni, kwa ahadi niliyompa mama watoto kwamba ni kwa wiki moja tu.

Wazee wetu wa mwambao walikereza miguu ya vitanda kwa kamba na upinde, na kazi zao bado zapendeza. Walakini mti ni mpole, ukikosewa husamehe kwa msasa, ilhali chuma hakisahau kosa hata la unene wa unywele, hususan ukitaka kukikata hesi.

Basi siku moja, baada ya Alasiri, alinijia Maalim wa madrasa ya mtaani kwetu akiikokota baiskeli yake kongwe, ya kiwanda cha Uingereza ambacho jina lake nalisitiri, kwa kuwa dhambi nitakayoisimulia ilikuwa yangu wala si ya kiwanda.

"Bwana," akasema, "pedali yacheza kama jino la mtoto."

Kilichopasuka kilikuwa kikombe cha upande wa mnyororo, yaani kile kichuma cha mviringo, chenye hesi kwa nje na gololi kwa ndani, ambacho juu yake huzunguka ekseli ya pedali. Na madukani hakikupatikana. Nikamjibu kwa ghururi ambayo namwomba Mola anisamehe: "Maalim, iache hapa. Kesho Adhuhuri utaipanda."

Kukifungua kikombe kulihitaji spana kubwa, nami sikuwa nayo, kwa hiyo nikaipeleka baiskeli kwa fundi kijana akaaye chini ya mwarobaini pale Ngamiani. Naye alipokuwa akihangaika na spana, mimi nilikuwa nimempa mgongo, nawaeleza vijana waliokusanyika jinsi Joseph Whitworth, mwaka 1841, alivyowashauri mafundi wa Uingereza waache desturi ya kila karakana kukata hesi kwa hawaa yake, wote wafuate kipimo kimoja chenye pembe ya digrii 55, na jinsi William Sellers wa Marekani alivyozuka mwaka 1864 na rai yake ya digrii 60, hata nati ya huku ikawa haimtambui bolti wa kule. Vijana walitikisa vichwa kwa taadhima. Fundi akanipa kikombe akasema, "Shikamoo mzee, baiskeli hizi za zamani, hesi yake..."

"Marahaba, najua," nikamkatiza, nikaenda zangu.

Elimu ya kukata hesi, kwa asiyeijua, ni hii. Kerezo lina parafujo ndefu inayoukokota mkono wenye kisu, na ya kwangu ina nyuzi 8 katika kila inchi. Baina ya parafujo hiyo na mhimili unaozungusha chuma hupangwa gia, na gia ndizo ziamuazo uzi utakaokatika. Ukitia gia ya meno 20 kwenye mhimili na ya meno 60 kwenye parafujo, mhimili utazunguka mara 3 kwa kila mzunguko mmoja wa parafujo, nawe utapata nyuzi 24 kwa inchi. Nami nilikuwa nimesoma, tena katika kitabu chenye jalada gumu, kwamba vikombe vya baiskeli za Kiingereza ni vya nyuzi 24. Sikuhesabu nyuzi za kikombe kilichopasuka, kwa kuwa mtu aliyesoma ahesabu ya nini?

Nilichukua kipande cha ekseli ya lori, nikakikereza usiku kucha, nikakikata hesi inayong'aa kama kidani. Asubuhi kilikataa hata kushika uzi, kikagoma kama punda aliyefika mtoni.

Fundi hakucheka. Alipekua kopo lake la maziwa lililojaa skrubu na nati za enzi zote, akatoa kikombe kilichochakaa, akakilaza ubavu kwa ubavu na cha Maalim, uzi ndani ya uzi, akaviinua kulielekea jua, na katikati yake hapakupita hata sindano ya nuru. Kisha akakilaza changu, na nuru ikapenya kama katika ua wa makuti. "Hii ni ishirini na sita, mzee," akasema. "Wenye kiwanda hicho walikuwa na hesi yao peke yao. Na tena..."

Lakini mimi nilikwisha kupanda baiskeli ya jirani, nawahi nyumbani, kwani hesabu ilikuwa dhahiri kichwani: 20 kwa 65, na mambo yamekwisha.

Gia ya meno 65 haikuwamo sandukuni. Nilipekua kibanda, nikapekua uvungu wa kitanda, nikawashuku wajukuu na nikamshuku paka. Hata nilipochoka nikaketi barazani, mama watoto akaniletea chai na biskuti kubwa kama kisosi, iliyochongeka ukingoni mwake kwa ustadi wa ajabu, na katikati ina alama ya tundu. Ukarani haumtoki mtu, nikajikuta nayahesabu yale meno ya biskuti kwa ncha ya kidole. Yalikuwa 65.

"Nimeichemsha kwa sabuni na majivu," akasema kabla sijafungua kinywa, "na mtaa mzima wameisifu Idi. Mbona kuku wako jikoni mimi sisemi?"

Sikuwa na hoja. Niliazimwa gia yangu mwenyewe kwa sharti la kuirudisha kabla ya maulidi.

Kikombe cha pili nilikikata kwa stahamala, kisu kikichukua kidogo kidogo, nikizihesabu nyuzi kwa ukucha baada ya kila mkato: zilikuwa 26 barabara. Nilikitia moto hata kikawa chekundu, nikakizima katika mafuta, nikakipeleka kwa Maalim mwenyewe aone. Nacho, mbele ya wanafunzi wake wote, hakikuingia hata robo ya mzunguko.

Ndipo niliporudi chini ya mwarobaini, nikaketi juu ya kigoda, na kwa mara ya kwanza katika jambo hili nikafunga mdomo.

"Na tena," fundi akaendelea, kana kwamba sikupata kuondoka, "cha upande wa mnyororo hukaza kinyume, mzee, kwa kushoto, kingekuwa cha kulia, mwendo wa pedali ungekilegeza. Siku ile nikikifungua, hukuona spana ilivyogeuka?"

Siku ile nilikuwa na Whitworth.

Kikombe cha tatu nilikikata kwa kuigeuza parafujo izunguke kinyume, kisu kikianzia ndani na kutokea nje, nacho kiliingia kwa vidole viwili, kikakaa, na Maalim akaenda zake bila pedali kutikisika. Kesho yangu ya Adhuhuri ilikuwa imechukua siku 19. Gia ya meno 65 makazi yake sasa ni jikoni, pamoja na kuku, nami nikiihitaji huiomba kwa adabu. Na wewe msomaji, ikiwa umejaaliwa kerezo, usiunge gia kabla hujazihesabu nyuzi na kuitazama spana inageukia wapi. Na fundi akisema "na tena", mwache amalize.